Samaki Warudio Kwao: Habari za Kituo cha Kutotolea Samaki cha Issaquah



Tumeombwa tuseme habari za samaki, nasi tumechagua samaki asiyepatikana katika maji yetu, jina lake samoni, na mji mmoja wa mbali uitwao Issaquah, ulio katika jimbo la Washington, upande wa magharibi wa Marekani, si mbali na mji mkubwa wa Seattle. Labda mtauliza, ya nini kwenda mbali hivyo? Sababu yetu ni hii. Katika mji ule, samaki wa kijito walipokuwa karibu kwisha, kulijengwa kituo cha kutotolea mayai ya samaki, nacho kimefanya kazi kwa zaidi ya miaka themanini. Muda huo watosha mtu kuziona faida za jambo, na kuyaona mapungufu yake pia. Kila mahali wavuvi wanapolalamika kwamba nyavu zatoka tupu, hakosi mtu wa kusema, "Watotoe vifaranga wawamwage majini, mambo yatatengenea." Leo twataka tulipime neno hilo, tuone ni kweli kwa kadiri gani.

Kwanza yafaa kumjua samaki mwenyewe. Samoni ni wa ukoo mmoja na trauti, yule samaki wa madoadoa aliyeletwa Kenya kutoka Uskochi mwaka 1905 akatiwa katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare. Aliyemwona trauti amemwona jamaa wa samoni. Lakini samoni wa Bahari ya Pasifiki wana desturi yao ya peke yao. Samoni huzaliwa katika maji matamu ya kijito, kati ya changarawe; akiisha kupata nguvu huteremka na mto hata baharini; huko hukaa miaka miwili au mitatu, pengine zaidi, akila na kunenepa; kisha huurudia mto, hupanda akishindana na maji hata afike kijito alichozaliwa, hutaga humo, na baada ya siku chache hufa. Hatagi mara ya pili. Jike na dume hufa wote wawili, na mizoga yao ikioza majini hulisha wadudu wadogo, nao wadudu hao huja kuliwa na watoto wa samaki wale wale.

Watu wengi huuliza, samaki huijuaje njia ya kwao baada ya miaka yote hiyo ya kuzurura baharini? Jambo hili lilichunguzwa katika kijito kile kile cha Issaquah. Wataalamu wawili, Warren Wisby na Arthur Hasler, waliwakamata samoni wa aina ya koho waliokwisha kupanda katika matawi mawili ya kijito. Wengine wakawaziba pua kwa pamba, wengine wakawaacha vivi hivi, kisha wote wakawarudisha chini, mahali kabla maji hayajagawanyika. Wale wasiozibwa, walio wengi wao walilirudia tawi walilotolewa. Waliozibwa pua walipanda ovyo, huku na huku, kama mtu aliyefungwa macho. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1954. Basi ikajulikana kwamba samoni hufika kwao kwa kunusa: kila kijito kina harufu yake, ya udongo wake na majani yake, na kifaranga huishika harufu hiyo tangu utotoni. Tafadhalini lishikeni neno hili, maana kazi yote ya kituo imesimama juu yake. Kifaranga aliyelelewa kwa maji ya kijito hiki atarudi kijito hiki, hata kama aliyemzaa alitoka kwingine.

Sasa tuje Issaquah. Kabla ya wageni kuingia, watu wa kabila la Snoqualmie na makabila jirani walivua samoni katika mito na maziwa ya nchi ile, wakawakausha kwa moshi, na chakula cha majira ya baridi kikatoka humo. Baadaye, tangu miaka ya 1880, palichimbwa makaa ya mawe, na misitu ikakatwa kwa ajili ya mbao. Kijito kilichopoteza kivuli cha miti hupata joto. Mvua zikinyesha, udongo wa vilima hushuka, ukafunika changarawe, na mayai yaliyomo hukosa pumzi. Hili halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo kulieleza. Kila mkulima aliyeona mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua alijua hapo juu kuna nini.

Jambo jingine lilifanyika chini ya mto. Samoni wa Issaquah, wakitoka kijitoni, huingia katika ziwa Sammamish, wakashika mto wa Sammamish, wakafika ziwa kubwa zaidi, ziwa Washington, ndipo watokee baharini. Katika mwaka 1916 serikali ilichimba mfereji mpya ili meli zipate kuingia ziwani, na ziwa Washington likashuka kiasi cha futi 9. Mto uliokuwa ukilitoa maji ziwani ulikauka, na tangu siku zile samaki wote hawana mlango mwingine ila ule wa Ballard, ambako mwaka 1917 palifunguliwa rasmi milango mikubwa ya maji ya kupandishia na kushushia meli. Pamewekwa ngazi ya samaki, yaani visima vidogo vilivyopangwa kama vidato, kila kimoja juu ya mwenzake, ambavyo samaki hurukia mpaka juu. Basi njia ya samaki hawa hupita penye mji mkubwa wa watu, penye meli na viwanda, kwenda na kurudi.

Mnamo mwaka 1936, wakati wa ile dhiki kuu ya fedha, serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa watu wasio na kazi kazi za kujenga barabara, mashule na mabwawa. Kwa mpango huo ndipo kituo cha Issaquah kilipojengwa, kando ya kijito, katikati ya mji. Samoni wa kijito chenyewe walikuwa wamepungua mno, kwa hiyo mayai ya wale samoni wakubwa waitwao Chinook yaliletwa kutoka mto mwingine wa jirani, Green River. Walipoanguliwa kwa maji ya Issaquah wakaishika harufu ya Issaquah, na baada ya miaka wakarudi Issaquah.

Kazi ya kituo twataka tuieleze kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi husikia neno "kutotoa samaki" wakadhani ni kama kumwatamisha kuku.

Samoni huanza kufika mwishoni mwa kiangazi cha huko, na mwezi wa Septemba na Oktoba huwa wengi. Kijito kimepitishwa uzio, nao wakiisha kuzuiwa hushika ngazi ya samaki iliyo kando, ambayo huwafikisha katika madimbwi ya kungojea. Pembeni pamewekwa vioo, mtu akisimama hapo humtazama samaki uso kwa uso. Hungoja mpaka mayai yaive tumboni. Siku ya kazi ikifika, samaki huuawa kwa pigo moja la kichwani, kwani angekufa hata hivyo. Jike hupasuliwa tumbo na mayai humwagika katika ndoo, mekundu ya rangi ya chungwa, kila moja kama punje ya njegere. Chinook mmoja hutoa yapata 4,500, pengine pungufu, pengine zaidi. Kisha shahawa ya dume hukamuliwa juu yake. Mara maji yanapotiwa, katika muda mfupi usiofika dakika mbili, kazi ya kutunga mimba imekwisha; baada ya hapo shahawa haina nguvu tena. Mayai husafishwa kwa dawa ya iodini ili maradhi ya wazazi yasiwafuate watoto, ndipo yapangwe katika sinia zilizopangwa kama droo za kabati, na maji baridi ya kijito hupita juu yake usiku na mchana.

Hapo mlezi hana budi kuwa na subira. Katika majuma ya kwanza yai likitikiswa hufa. Mambo haya hupimwa kwa hesabu nyepesi sana: huchukuliwa digrii za joto la maji kwa kipimo cha Sentigredi zikazidishwa kwa siku, na jumla ikifika kama 500, yai la Chinook huanguliwa. Maji yakiwa ya digrii 10, ni siku kama 50. Yakiwa baridi zaidi, siku zaidi. Kati ya siku hizo macho mawili meusi huonekana ndani ya yai, na tangu hapo yai ni imara. Hapo mayai hutikiswa kwa makusudi. Yaliyo hai hayadhuriki. Yaliyokufa hugeuka meupe kama maziwa, yakaokotwa moja moja na kutupwa, kwa sababu yai lililooza huota ukungu na ukungu huo huyashika majirani zake.

Kinyama kinachotoka ndani ya yai hakina sura ya samaki bado. Kimebeba tumboni kifuko cha kiini, ndicho chakula chake, na kwa majuma kadhaa hakihitaji kulishwa. Kifuko kikiisha, huogelea juu, akahamishiwa madimbwi makubwa, akalishwa unga wa samaki mara nyingi kwa siku, na juu yake kumetandazwa nyavu ili ndege wasimle. Chinook huachiliwa yapata mwezi wa Mei au Juni, akiwa na urefu wa kidole. Koho hulelewa zaidi ya mwaka mzima. Kila mwaka kituo huachilia mamilioni ya Chinook na mamia ya maelfu ya koho.

Faida iko wapi? Tufanye hesabu ya mfano. Jike mmoja ametaga mayai 4,500. Katika changarawe ya kijito kichafu, tuseme moja katika kila kumi ndilo litakalopata kuwa kifaranga wa kwenda baharini: hao ni 450. Katika sinia za kituo, tuseme nane katika kila kumi: hao ni 3,600. Huko baharini wote ni sawa. Ndege, samaki wakubwa, nyangumi na nyavu havibagui. Tuseme katika kila vifaranga 200 hurudi mmoja. Basi jike wa changarawe atarudishiwa watoto wawili, yaani watu wa kushika nafasi yake na ya mumewe, na jike wa kituo atarudishiwa 18. Hesabu hii ni ya kufahamishia tu, wala hatuapi kwayo, kwa kuwa miaka hailingani. Lakini sura yake ndiyo hiyo. Kituo humkinga samaki katika miezi yake ya kwanza. Baada ya hapo hakina mkono tena. Mwaka ambao bahari ni mbaya, vifaranga milioni hurudi wachache, na hakuna mlezi awezaye kufanya neno.

Hao 18 ndio chakula cha watu wengi. Kuna wavuvi wa biashara na wavuvi wa ndoana. Kuna makabila ya wenyeji, ambayo katika mkataba wa mwaka 1855 yalitoa nchi yao yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa zamani. Haki hiyo ilikanyagwa miaka mingi, hata mwaka 1974 jaji George Boldt alipokata hukumu kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni yao. Tangu hapo makabila huketi pamoja na serikali ya jimbo kupanga mambo ya samaki, na hata vituo vya kutotolea. Mkataba wa haki ya kuvua samaki hauna maana samaki wakiwa hawapo; ndiyo maana makabila mengi yamekuwa mbele katika kuvitetea vituo hivi, na mengine yana vituo vyao wenyewe. Kuna na mlaji mwingine asiye na mkataba, nyangumi aitwaye orka, mweusi mwenye mabaka meupe. Kundi lake la maji yale halifiki wanyama 80, na chakula chake kikuu ni Chinook. Mwaka 2018 kamati iliyowekwa na gavana wa jimbo ilishauri, pamoja na mambo mengine, vifaranga wa Chinook waongezwe katika vituo kwa ajili ya orka.

Basi ni jambo la ajabu kwamba kituo hiki kilikaribia kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazina ya jimbo ilipungukiwa, wakubwa wakatazama hesabu zao, wakaona hiki ni cha kukatwa. Wenyeji wa mji wakakataa. Hawakukataa kwa maneno matupu. Waliunda chama mwaka 1994, chama cha marafiki wa kituo, wakajifunza kazi, wakawa wanawaongoza wageni na watoto wa shule kila msimu, bila mshahara, wakachanga fedha, na kituo kikasalia chini ya idara ya samaki ya jimbo huku watu wa mji wakiwa nguzo yake. Kwa maoni yetu hapa ndipo kituo kilipokuwa cha jamii kwa kweli, ingawa majengo yalikuwapo tangu mwaka 1936. Mtoto aliyeona kwa macho yake jike akipasuliwa, na yai lenye macho mawili, hawezi tena kumwaga mafuta machafu ya gari katika mtaro wa barabara bila kufikiri mtaro huo waishia wapi. Wapo watu wanaosema ziara hizo ni mchezo wa watoto. Sisi twadhani huenda zikawa na faida kuliko vifaranga wenyewe.

Sasa twafika kwenye upande mgumu wa habari hii, wala hatutaupita kimya, maana wasikilizaji wetu si watu wa kulishwa asali peke yake.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kifaranga wa dimbwi hulishwa na mkono wa mtu. Kivuli kikipita juu yake hukimbilia kivuli, akidhani ni chakula, ambapo ndugu yake wa mtoni hukimbia na kujificha. Wasiofaa mtoni hawafi dimbwini. Huishi, hukua, nao huzaa. Tena dume na jike hawachaguani wenyewe, bali huchaguliwa na mtu mwenye ndoo. Jambo hili lilipimwa katika mto Hood, jimbo la Oregon, kwa aina ya trauti aendaye baharini. Wataalamu waliyatangaza matokeo mwaka 2007: kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni, uwezo wa samaki kuzaa watoto wa kuishi mtoni ulipungua kiasi cha asilimia 40. Basi samaki wa kituo wakipanda kwa wingi katika kijito chenye samaki wa asili, wakaoana nao, damu ya wale wa asili huzimuliwa kama maziwa yatiwayo maji. Macho huona samaki wengi, kumbe kijito chenyewe kinapoteza uwezo wa kujizalia.

Kwa sababu hiyo wamewekewa alama. Mgongoni, karibu na mkia, samoni ana pezi dogo la mafuta lisilo na kazi kubwa. Kifaranga wa kituo hukatwa pezi hilo kabla hajaachiliwa, na wengine hutiwa kipande cha waya puani, chembamba kama unywele, chenye nambari. Katika maji mengi ya jimbo lile mvuvi akimpata aliyekatwa pezi humchukua, akimpata mwenye pezi kamili humrudisha majini. Hivyo samaki wa kituo huliwa, wa asili huachwa apande akatage. Ni utaratibu mzuri, ila wataka mvuvi mwaminifu, kwani usiku mtoni hakuna askari.

Tena kituo hakiwezi kutibu maji. Kwa miaka mingi katika vijito vya mjini Seattle, koho walionekana wakipanda, wazima, wamenenepa, na mvua ya kwanza ikinyesha wakaanza kuzunguka juu ya maji wakitweta, wakafa kabla ya kutaga. Katika vijito vingine walikufa wengi kuliko waliosalia. Watu walishuku mafuta, walishuku dawa za mimea. Mwaka 2020 ndipo ilipotangazwa sababu: dawa inayotiwa katika mipira ya magari ili isipasuke upesi. Mpira unaposagika barabarani, vumbi lake likikutana na hewa hufanyika sumu nyingine, na mvua huipeleka kijitoni. Koho ni dhaifu sana mbele ya sumu hiyo. Mtu aweza kuangua mayai milioni ya koho, akawalea mwaka mzima kwa unga wa fedha nyingi, na waliorudi baada ya safari ya bahari wakauawa na vumbi la magurudumu hatua chache toka mahali pa kutagia. Imeonekana kwamba maji hayo yakipitishwa kwanza katika mchanga, mboji na mizizi ya mimea, sumu hupungua sana na koho huishi. Basi huko sasa huchimbwa mashimo yenye mimea kando ya barabara, yapokee maji ya mvua kabla ya kijito. Ni kazi ya jembe.

Kituo chenyewe nacho kilikuwa na lake la kurekebishwa. Ili kipate maji, palikuwa na boma la kuzuia maji kijitoni, juu ya kituo, na samaki aliyepita uzio akitaka kupanda zaidi alikomea hapo. Mwaka 2013 boma hilo liliondolewa, mahali pake pakapangwa mawe makubwa yanayoinua maji kidogo kidogo, nao samaki hupita. Twasema lilikuwa jambo la lazima. Haifai aliyewekwa kuwalea samaki awe yeye ndiye anayewafungia mlango.

Tumebakiza habari moja, nayo ndiyo iliyotufanya tuchague Issaquah, tusichague mji mwingine.

Katika ziwa Sammamish kuna samoni mdogo aitwaye kokani. Huyu haendi baharini kabisa. Ziwa ndilo bahari yake. Hukaa humo miaka mitatu au minne, kisha hugeuka mwekundu, akapanda vijito vidogo vinavyoingia ziwani, akataga, akafa. Watu wa Snoqualmie walimla tangu kale. Zamani walikuwapo wa makundi zaidi ya moja. Wale waliozoea kupanda kijito cha Issaquah mapema, mwishoni mwa kiangazi, walikwisha kutoweka mwanzoni mwa karne hii, wakabaki wale wa majira ya baridi. Mwaka 2007 wenyeji na kabila la Snoqualmie waliiomba serikali kuu iwaweke chini ya sheria ya kulinda viumbe walio hatarini. Mwaka 2011 wakajibiwa kwamba haitafanyika hivyo. Hawakungoja jibu hilo. Mwaka 2009 walikuwa wamekwisha kuanza kuyachukua mayai ya kokani, wakayaangua katika kituo cha Issaquah, katika sinia zile zile za Chinook, na vifaranga wakarudishwa kila mmoja katika kijito cha wazazi wake, Ebright, Lewis, Laughing Jacobs, ili kila mmoja aishike harufu yake.

Miaka michache baadaye samaki walionekana wengi, na watu wakafurahi. Kisha mwaka 2015 ukaja ukame na joto. Kiangazi kikiwa kikali, maji ya juu ya ziwa hupata joto asiloliweza kokani, na maji ya chini huishiwa na hewa. Samaki hubanwa katikati, kwenye tabaka jembamba, kama watu waliokimbilia darini nyumba imejaa maji chini na paa lawaka moto. Katika majira ya baridi ya mwaka 2017 kuingia 2018, waliopanda kutaga, katika vijito vyote, hawakufika hata 20.

Hapo ndipo kituo kilipofaa, naye asemaye vituo havina maana angeulizwa hapo angefanyaje. Mwaka 2018 mkuu wa wilaya ya King alitangaza hatua za dharura kwa ajili ya kokani. Wachache waliopatikana walichukuliwa, mayai yakaanguliwa, na baadhi ya vifaranga hawakurudishwa ziwani bali walipelekwa kisiwa cha Orcas, katika kituo kingine chenye maji safi ya chemchemi, walelewe huko hata wawe wazima, ili mbegu isipotee ikitokea ziwa likawaua wote kwa mwaka mmoja. Ni kama mkulima anayetoa gunia moja la mbegu akaliweka kwa jirani yake wa kilima cha pili, kwa hofu ya moto. Mkulima huyo ajua kwamba gunia la mbegu si shamba. Lakini bila gunia, shamba litapandwa nini?

Na shamba lenyewe hawakuliacha. Kijito kiitwacho Zackuse kilikuwa kimepitishwa chini ya barabara katika bomba jembamba, maji yakitoka kwa kasi na kwa kimo, na kokani, ambaye urefu wake hauzidi sana mkono wa mtu toka kiwiko hadi vidole, hakuweza kulipanda. Mwaka huo huo wa 2018 bomba lilitolewa, pakawekwa njia pana ya maji ambayo samaki huweza kuipita. Wenye nyumba kando ya vijito wameombwa wapande miti ukingoni, na wengi wamepanda. Kila majira ya baridi, kuanzia Novemba hata Januari, watu huvaa viatu vya mpira wakaingia vijitoni kuhesabu kokani mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, wakaandika idadi, tarehe na mahali. Mzoga ukikutwa hupasuliwa kuangaliwa kama jike aliyataga mayai yake yote kabla ya kufa, au alikufa nayo.

Hizo ndizo habari tulizokuwa nazo. Mwenye swali na asimame. Na wale wazee waliotuuliza juzi habari za bwawa la shule, tutawajibu wao kwanza.